Kabla ya rezo kulikuwa na foni: Kongolo angani zaidi ya miaka 100 iliyopita



Wengi munanijua kwa mambo ya mihogo na mahindi. Lisansi yangu ni ya agronomi, si ya umeme, lakini leo mutaniruhusu nitoke shambani kidogo nizungumze juu ya foni. Niko na sababu, nitaisema mbele.

Waliokulia Kongolo kabla minara ya simu haijafika wanaijua foni. Wadogo zetu wakisikia neno hilo wanafikiri ni telefone. Hapana. Foni ilikuwa redio ya kusema na kusikia: kisanduku cha chuma juu ya meza, bateri ya gari chini ya meza, na waya unaotoka dirishani kwenda kufungwa kati ya miembe miwili. Ukitaka kuzungumza na ndugu yako wa Kalemie, ulikwenda kwenye chumba cha foni, ukalipa falanga, ukakaa kwenye benchi pamoja na wengine. Fonisti aliita: "Kalemie, Kalemie, hapa Kongolo, unanipata?" Sauti ikatoka katikati ya kelele kama mvua juu ya mabati: "Nakupata sinki sir sinki, endelea." Halafu watu wa Kalemie walituma mtoto akimbie kumwita ndugu yako, ao mulipeana randevu: kesho, saa mbili asubuhi.

Baba mdogo wangu alikuwa fonisti. Mimi nilikuwa shule ya msingi, na nikitoka darasani nilikwenda kukaa mlangoni pake. Pale nilielewa kwamba kwenye foni hakuna siri. Siku bibi yangu, mama ya mama, alipofariki Kalemie, habari ilikuja kwa foni. Mama alikuwa sokoni. Wanawake waliokuwa kwenye benchi walisikia mbele yake, na alipofika nyumbani aliwakuta wamekwisha kukaa uani wanalia. Kwa miaka mingi niliona ni jambo baya, msiba kupita masikio ya watu wote kabla ya kumfikia mwenyewe. Siku hizi siko na uhakika. Mama hakusoma msiba wake peke yake kwenye kioo cha simu.

Nilipoanza kuuliza foni ilitoka wapi, nilikuta historia ndefu kuliko nilivyofikiri. Kongolo ilikuwa angani zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Munajua mji wetu ulikua kwa sababu ya maji na reli. Chini ya Kongolo, Lualaba inabanwa na mawe pale wanapoita Portes d'Enfer, mashua haiwezi kupita. Kampuni ya CFL, iliyoundwa 1902, ilijenga reli kutoka Kindu hadi Kongolo, na njia hiyo ikamalizika mwisho wa 1910. Toka hapo mizigo ilishuka kwenye treni, ikaingia kwenye mashua, ikapanda mto kwenda Bukama, upande wa shaba ya Katanga. Mahali ambapo mizigo inabadilisha chombo, lazima kuwe na habari: mashua iko wapi, treni inafika lini, mizigo ni tani ngapi. Telegrafu ya waya ilikuwa inasumbua sana. Miti iliangukia nyaya, mchwa walikula nguzo, tembo waliziangusha.

Basi mwaka 1911 Mfalme Albert wa Ubelgiji alimpa kazi mwanasayansi Robert Goldschmidt ajenge telegrafu isiyo na waya katika Kongo yote. Kwa miaka kama miwili hivi vituo vilisimama kutoka baharini hadi Katanga: Banana, Boma, Léopoldville, Coquilhatville, Stanleyville, kisha kupanda Lualaba, Lowa, Kindu, Kongolo, Kikondja, hadi Elisabethville. Ndiyo, Kongolo yetu. Mashine hizo hazikubeba sauti ya mtu. Zilitoa cheche za umeme, fupi na ndefu, kwa alfabeti ya Morse. Na nchi yetu ya radi iliwapa shida, maana kila radi ni kama kituo kikubwa kinachosema juu ya wengine wote. Mwenye kusikiliza redio Kongolo mwezi wa Februari saa tisa mchana anajua ninasema nini.

Ili kuunganisha Kongo na Ubelgiji, Goldschmidt alijenga kituo kikubwa Laeken, karibu na jumba la mfalme. Mafundi wake walijaribu pia kutuma sauti. Tarehe 28 Machi 1914 walituma muziki hewani kutoka Laeken, konseri iliyotolewa kwa heshima ya Malkia Élisabeth, na inahesabiwa kati ya matangazo ya kwanza kabisa ya redio katika Ulaya. Agosti ya mwaka huohuo Wajerumani waliingia, na Wabelgiji wakaharibu kituo chao wenyewe ili kisishikwe. Kwa hiyo redio ya kwanza ya Ubelgiji ilizaliwa kwa sababu ya Kongo. Tulipokuwa shuleni hakuna mwalimu aliyetuambia hivyo.

Lakini tuangalie vizuri nani alisema katika redio hiyo. Serikali ya koloni ilisema, kampuni pia ilisema. Babu zetu walibeba mizigo ya vituo na kufyeka pori. Hakuna mtu wa Kongolo aliyeingia mle kusema "mama ni mgonjwa, njoo".

Hapo ndipo inaingia hadithi ya wale wanaoitwa radioamateri, watu wanaofanya redio kwa kupenda tu, bila mshahara na bila biashara. Mwaka 1912 Marekani iliweka sheria iliyowasukuma kwenye mawimbi mafupi ya mita 200 na chini yake. Wakubwa wa wakati ule waliamini kwamba mawimbi mafupi hayafiki mbali, kwamba ya maana ni marefu. Ilikuwa sawa na kumpa mtu shamba la mawe. Watu hao walilima mawe yao. Desemba 1921 Mmarekani Paul Godley alipiga hema Ardrossan, kule Scotland, akanyosha waya mrefu, akasikia vituo vya wenzake kutoka ng'ambo ya Atlantiki. Novemba 1923 Léon Deloy, akiwa Nice huko Ufaransa, alizungumza kwa Morse na Fred Schnell wa Marekani, kwenda na kurudi, kwa wimbi la mita 100 hivi. Mwaka 1925 wenye kazi hii walikutana Paris, wakaunda umoja wao wa dunia. Kumbe lile shamba la mawe ndilo lilikuwa na rutuba.

Sababu ni hii. Juu sana, kilomita mia na zaidi, kuna tabaka za hewa ambazo jua linazitia umeme. Wimbi fupi likipanda hadi huko linapindishwa, linarudi chini mbali, bila waya, bila mnara katikati, bila kampuni. Ndiyo maana BBC iliweza kutufikia kwa Kiswahili toka Juni 1957, Sauti ya Amerika toka 1962, na Deutsche Welle toka 1963. Wazee wetu walioweka redio dirishani jioni ili kusikia habari za nchi yao wenyewe kutoka London ao Cologne walikuwa wanatumia njia ambayo watu wa kawaida walikuwa wameionyesha kabla ya wakubwa kuiamini.

Kongo nayo ilikuwa na radioamateri wake. Wakati wa koloni alama zao zilianza na OQ5, na karibu wote walikuwa Wazungu. Baada ya Uhuru nchi ilipewa herufi mpya, na hadi leo alama ya radioamateri wa Kongo inaanza na 9Q. Hawakuwa wengi. Lakini ufundi wao ulienea kwa mlango mwingine. Simu za serikali zilipoanza kufa, misheni, wafanyabiashara na mashirika ya misaada walinunua redio za mawimbi mafupi, Yaesu, Icom, Kenwood, Codan. Nyingine zilikuwa zimetengenezwa kwa radioamateri kabisa. Njo foni hiyo. Ile mashine ya baba mdogo ilikuwa na watti 100 tu, sawa na balbu moja ya zamani, na ilifika Lubumbashi, kilomita 700 hivi kwa mstari wa moja kwa moja.

Baba mdogo bado ako na makaye yake, matano, jalada la buluu. Kila mstari ni tarehe, saa, mahali, jina, neno. Nimeyasoma yote mvua iliyopita. Bei ya mahindi Kabalo. Mashua imekwama. Mtoto amezaliwa, wa kiume. Leteni chumvi. Mzee amefariki, zikeni, hatuwezi kufika. Kuna kurasa za wakati wa vita ya 1998 ambazo mistari inakuwa mifupi sana, na nyingine ni tupu. Nilimuuliza. Akasema: "Mtoto wangu, wakati ule kila mwenye bunduki alitaka kujua fonisti amesema nini na nani. Siku nyingine nilifungua mashine, nikasikiliza, nikafunga. Kusikiliza tu, bila kugusa kidude cha kusemea." Tarehe 25 Februari 2002 Radio Okapi ilipoanza, alisema, alilia kidogo, kwa sababu mtu mwingine alikuwa anabeba habari ambazo yeye aliogopa kubeba.

Halafu mnara wa kwanza wa simu ukafika, na ndani ya miaka michache benchi lilikuwa tupu. Sote tulifurahi, mimi pia. Nani anataka kusema na mke wake mbele ya watu kumi? Waya ulishushwa, ukawa wa kuanikia nguo.

Sasa sababu yangu. Mvua iliyopita rezo ilikatika siku nne. Mimi na mwenzangu wa kazi tulikuwa ng'ambo ya Lualaba na wakulima. Mtoto wake wa miaka mitatu alikuwa Kalemie kwa bibi yake. Siku ya nne rezo ilirudi, na simu yake ikaanza kulia, ujumbe moja nyuma ya nyingine, kwa mpango wake: mtoto ana homa. Tumemfikisha hospitali. Piga simu. Piga simu haraka. Wa mwisho ulikuwa wa asubuhi ile, na mtoto alikuwa amekwisha kuzikwa. Nilikuwa nimesimama karibu naye, na sikujua niweke mikono wapi.

Kutoka Kongolo hadi Kalemie ni kilomita 250 hivi kama ndege anavyoruka. Baba mdogo alikuwa anazipita kila asubuhi kwa bateri ya gari. Niliporudi nilikwenda kwake moja kwa moja, nikamwambia tufufue foni. Alitoa mashine kwenye gunia, panya walikuwa wamekula kebo. Akaniangalia: "Tuseme leo inawaka. Kalemie atajibu nani?" Sikuwa na jibu. Wale wafonisti wengine wamekufa ao wamehama, na hakuna aliyewarithi. Masikio yake mwenyewe yameanza kuchoka.

Ndipo akaniambia nianze pale yeye alipoanzia, kwa kusikiliza. Miezi minne sasa ninafanya hivyo, na wenye kutaka kuanza, nawapa niliyojifunza.

Kwanza, redio. Redio ya kawaida ya mawimbi mafupi inatosha kusikia matangazo. Lakini kusikia radioamateri ao foni unahitaji redio yenye SSB. Sauti ya SSB ni sauti ambayo sehemu yake imekatwa ili nguvu kidogo ifike mbali, na redio isiyo na SSB inaitoa kama bata anayegombana. Nilipokuwa mtoto nilikuwa nasikia bata huyo kwenye redio ya jirani kila asubuhi, kumbe alikuwa baba mdogo. Redio ndogo kama Tecsun PL-330 iko nayo. Asiye na makuta ya redio lakini ana inite, Chuo Kikuu cha Twente, Enschede, Uholanzi, kimeweka redio yake kwenye intaneti, unaizungusha mwenyewe ukiwa Kongolo.

Pili, waya. Mita 10 za waya wa kawaida kutoka dirishani hadi kwenye mwembe zinabadilisha kila kitu. Ushushe radi zikikaribia na uchomoe kwenye redio, usicheze na jambo hilo.

Tatu, saa. Mchana tafuta kati ya megahezi 14.000 na 14.350. Usiku shuka kati ya 7.000 na 7.200. Wafonisti wetu walikuwa karibu na hapo, kwenye 6 ao 7, na randevu zao zilikuwa asubuhi kwa sababu mbili: radi bado zimelala, na mchana wimbi linapanda juu na kurudi karibu. Jua likizama Kalemie anapotea, na wa mbali sana wanaingia. Usiku mmoja nilikosa Kalemie yote nikasikia Waitaliano wanabishana.

Nne, pima hewa yako. Kwenye 14.100 kuna vituo 18 vya dunia nzima vinavyopokezana, sekunde 10 kila kimoja, mzunguko dakika 3. Kila kituo kinapiga jina lake kwa Morse, kisha milio minne mirefu: wa kwanza kwa watti 100, wa pili 10, wa tatu 1, wa mwisho sehemu ya kumi ya watti. Kenya ina chake, 5Z4B. Siku nilipousikia mlio wa tatu niliruka juu ya kiti. Watti moja ni kama taa ndogo ya tochi.

Tano, andika. Tarehe, saa, wimbi, uliyemsikia. Saa ya kazi hii ni UTC, Kongolo tuko mbele kwa saa 2. Sisi watu wa agronomi tunajua: majaribio yasiyoandikwa hayapo. Mimi nimenunua kaye ya buluu.

Sita, kusema. Kutuma bila ruhusa ni kosa, na kwetu si kosa dogo. Mimi nilifunga waya wa kusikiliza tu, na wiki haijaisha niliitwa kwenye ofisi moja kueleza ninaongea na nani porini. Walikaa na redio yangu siku tisa. Sikukasirika sana, maana nilisoma kaye za 1998, najua hofu hiyo inatoka wapi. Kwa hiyo kabla ya waya, pita kwa mkubwa wa mtaa, mwambie, mwalike asikilize pamoja nawe. Na ruhusa ya kutuma inaombwa kwa serikali, huko Kinshasa, ambako ARPTC ndiyo inayosimamia mawasiliano. Ombi langu liko njiani. Nikikubaliwa nitapewa jina linaloanza na 9Q. Munijue mapema: radioamateri haruhusiwi kubeba biashara wala kukusanya falanga, kwa hiyo benchi lile la kulipia halitarudi kwa mlango huu. Lakini kati ya radioamateri kuna desturi ya zamani ya kusaidia wakati wa msiba na mafuriko, na watu wawili wenye ruhusa, mmoja Kongolo, mmoja Kalemie, wanatosha kwa siku nne kama zile.

Njo hapo ninapowaomba. Mimi niko Kongolo. Natafuta mhitimu mmoja wa Kalemie, wa fani yoyote, awe na subira, aanze kusikiliza mwezi huu. Natafuta pia wenye baba, wajomba ao mapadri waliokuwa wafonisti Kabalo, Nyunzu, Manono, Moba. Nendeni kwao wangali wanasikia. Waulizeni masaa yao, mawimbi yao, makaye yao, na musiache kaye zifungiwe karanga sokoni.

Baba mdogo anasema randevu ni saa mbili asubuhi. Mchana huu nitakwenda kumsaidia kushona kebo.